Lita Huhesabu Vichwa, Haipimi Uzito: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ujazo wa Gesi na Idadi ya Molekuli

Nafundisha kemia nyumbani, jioni na Jumamosi, sebuleni kwangu Buruburu, Nairobi. Wanafunzi wangu ni wa kidato cha pili hadi cha nne, ila maswali matamu zaidi huyapata kwa wazazi wanaokuja kuwachukua watoto wakakaa kusikiliza dakika kumi za mwisho. Haya hapa ndiyo yanayorudi kila muhula. Neno moja kabla hatujaanza: kitabu kinasema kanieneo, fundi wa tairi anasema presha. Mimi nimemfuata fundi.

Kwa ufupi, sheria yenyewe inasemaje?

Chukua gesi mbili zozote. Zipe ujazo sawa, joto sawa na presha sawa. Idadi ya molekuli zilizomo itakuwa sawa, haidhuru ni gesi gani. Lita moja ya haidrojeni na lita moja ya kabonidayoksaidi zikiwa chumba kimoja zina molekuli idadi ile ile, ingawa ya pili ina uzito mara 22 wa ile ya kwanza. Na ukiongeza molekuli maradufu bila kugusa joto wala presha, ujazo nao unakuwa maradufu.

Hiyo ndiyo sheria ya Avogadro. Wanafunzi huikumbuka idadi na ujazo, wakasahau joto na presha. Sasa hayo mawili ndiyo yanayoifanya Nairobi iwe mahali pazuri pa kuisomea, kama tutakavyoona.

Mwalimu, mbona haiingii akilini? Gorogoro ya mchele haina punje sawa na gorogoro ya maharagwe.

Anayeuliza hivi ameelewa kuliko anayekariri. Gorogoro hujaa punje zinazogusana, kwa hiyo ukubwa wa punje ndio unaoamua zitaingia ngapi: maharagwe elfu chache, mchele makumi ya maelfu. Kwa vitu vigumu na vya majimaji, sheria hii haifanyi kazi kabisa.

Gesi haijajaa namna hiyo. Molekuli ya oksijeni au nitrojeni ina upana wa kama theluthi moja ya nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Katika hewa ya Nairobi, kutoka molekuli moja hadi jirani yake ni wastani wa nanomita 3.7, yaani mara kumi ya upana wake na zaidi. Karibu chombo chote ni utupu. Waondoe wachezaji wanene uwanjani Kasarani, uwaingize wembamba 22: uwanja haukusikia tofauti, kwa sababu si miili yao iliyokuwa imeujaza.

Lakini hiyo ni nusu ya jibu. Mbona gesi nzito isisukume ukuta kwa nguvu zaidi na kudai nafasi kubwa? Hapa inafaa kupiga hesabu kidogo. Presha ni vishindo vya molekuli zinazogonga ukuta wa chombo. Kwa kipimo cha wanakemia, molekuli ya haidrojeni ina uzito wa 2, ya oksijeni 32. Katika joto moja, gesi zote zina wastani sawa wa nishati ya mwendo, kwa hiyo ile nyepesi hukimbia zaidi: oksijeni kama mita 480 kwa sekunde, haidrojeni kama mita 1,900. Ni mara nne. Uzito wa haidrojeni ni moja ya kumi na sita ya oksijeni, kasi yake mara nne, basi kila pigo lake lina nguvu ya robo tu. Ila kwa kuwa inakimbia mara nne, inarudi ukutani mara nne. Robo mara nne ni moja. Ukuta hautambui aliyegonga ni nani, unahesabu tu.

Nikiwaeleza hivi wale wa kidato cha tatu, huwa kuna mmoja anayenyamaza ghafla akaanza kuandika pembeni ya daftari. Huyo nishampata.

Moli ni nini, na kwa nini idadi yake ni ya ajabu hivyo?

Ni jina la idadi, kama trei ya mayai ni 30, yawe ya kuku au ya kware. Moli moja ni vitu 6.02214076 × 10²³. Tangu tarehe 20 Mei 2019 tarakimu hiyo haipimwi tena, imewekwa hivyo kwa makubaliano ya kimataifa, kamili.

Kuipa sura: lita moja ya hewa hapa Nairobi ina molekuli kama 2 × 10²², yaani ishirini ikifuatwa na sufuri ishirini na moja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaunti hii. Tukikaa wote chini, kila mtu akihesabu molekuli moja kwa sekunde bila kulala wala kwenda kazini, lita hiyo moja itatumalizia miaka karibu milioni 146.

Kitabu kinasema moli moja ya gesi ni lita 24 katika joto la chumba. Mbona wewe husema si ya hapa?

Kwa sababu chumba kilichomo kitabuni kiko kando ya bahari.

Tarakimu mbili mnazokariri ni lita 22.4, kwa nyuzi 0 za Selsiasi, na lita 24, kwa nyuzi 20 hivi. Zote mbili zinachukulia presha ya hewa usawa wa bahari, kilopaskali 101.3. Nairobi iko juu. Katikati ya jiji ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ukielekea Karen na Dagoretti unapanda zaidi. Hewa iliyo juu yetu ni kidogo, kwa hiyo presha yetu huzungukia kilopaskali 82 au 83.

Presha ikishuka, molekuli zile zile hutanda. Ukifanya hesabu ya gesi kwa kilopaskali 82.5 na nyuzi 22, moli moja inachukua lita 29.7. Si 24. Ni karibu 30! Mombasa, kwa nyuzi 28, moli hiyo hiyo inachukua lita 24.7, kwa hiyo mwanafunzi wa Likoni anayekariri 24 hakosei sana. Wa Buruburu anayekariri 24 anakosea kwa lita tano na ushei katika kila moli.

Igeuze sasa. Ikiwa moli inachukua nafasi kubwa zaidi hapa, basi lita moja ya hapa ina molekuli chache zaidi. Pumzi ya nusu lita ukiwa Uhuru Park ina molekuli pungufu kwa kama asilimia 17 kuliko pumzi ya nusu lita ukiwa Mama Ngina, ufukweni Mombasa. Mgeni kutoka Pwani anayehema kwenye ngazi za jengo lenye lifti mbovu hana uvivu wowote, mapafu yake yanajaa lita zile zile zenye vichwa vichache. Iten ni kama mita 2,400, na huko vichwa ni vichache zaidi. Mwili unaokaa huko muda mrefu hujiongezea chembe nyekundu za damu ili usikose oksijeni, ndiyo moja ya sababu wakimbiaji hupenda kufanyia mazoezi huko.

Basi kwenye mtihani niandike 29.7?

Hapana, jamani. Swali kwa kawaida hukupa tarakimu ya kutumia, itumie hiyo. Msahihishaji hana habari na dirisha lako liko mita ngapi juu ya bahari.

Avogadro alizihesabu vipi molekuli wakati ule?

Hakuzihesabu. Alikufa mwaka wa 1856 bila kujua idadi inayobeba jina lake.

Amedeo Avogadro alizaliwa Turin mwaka wa 1776 na kusomea sheria za kanisa kabla ya kugeukia fizikia. Mwaka wa 1811, akiwa mwalimu mjini Vercelli, aliandika makala ya kutatua fumbo lililokuwa limewakwaza wakubwa wake. Mfaransa Gay-Lussac alikuwa ameonyesha mwaka wa 1808 kwamba gesi huungana kwa ujazo wenye uwiano mwepesi: lita mbili za haidrojeni na lita moja ya oksijeni hutoa lita mbili za mvuke wa maji. Dalton, Mwingereza aliyetuletea nadharia ya atomu, hakupenda matokeo hayo. Kwake yeye maji yalikuwa atomu moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni. Na kama lita moja ya oksijeni inatoa lita mbili za mvuke, basi kila kipande cha oksijeni kimepasuka vipande viwili. Atomu itapasukaje?

Avogadro alijibu kwamba kinachoruka hewani si atomu moja, ni jozi. Oksijeni hutembea wawili wawili. Jozi ikivunjika, kila mmoja anaingia kwenye molekuli yake ya maji, na hesabu inalingana bila atomu yoyote kupasuka. Ili aseme hivyo ilibidi kwanza adai kwamba ujazo sawa una idadi sawa. Ndipo ilipotoka sheria.

Wengi hawakumsikiliza. Iliaminika kwamba atomu za aina moja hazishikani, kwa hiyo jozi ya oksijeni ilionekana mzaha. Ampère alifikia wazo karibu hilo hilo mwaka wa 1814, naye hakufua dafu. Hadi Septemba 1860, wanakemia walipokutana Karlsruhe, Ujerumani, Mwitalia mwingine, Stanislao Cannizzaro, alipowaonyesha kwamba ukikubali wazo la Avogadro, uzito wa atomu uliokuwa ukigombaniwa kwa nusu karne unatulia. Avogadro mwenyewe alikuwa kaburini miaka minne.

Idadi ilikuja baadaye. Loschmidt wa Austria alikadiria ukubwa wa molekuli za hewa mwaka wa 1865. Mfaransa Jean Perrin akaipima idadi kwa njia kadhaa tofauti, akapendekeza mwaka wa 1909 ipewe jina la Avogadro, na mwaka wa 1926 akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Pakiti ya krispi niliyonunua Mombasa ilivimba kama mto nilipofika Nairobi. Imeharibika?

La. Hakuna molekuli iliyoingia wala kutoka. Idadi ni ile ile, presha ya nje ndiyo iliyoshuka treni ikipanda kutoka pwani hadi Syokimau, kwa hiyo hewa ya ndani inadai nafasi zaidi kwa karibu asilimia 20. Ukitaka kuona kinyume chake, kunywa maji yako yote hapa, ufunge chupa tupu vizuri, ushuke nayo Mombasa. Utaikuta imebonyea.

Nikitikisa mtungi wa gesi au nikiangalia nguvu ya moto, naweza kujua umebaki ngapi?

Nguvu ya moto itakudanganya, na sababu yake inahusu mipaka ya sheria hii.

Kilichomo mtungini kwa sehemu kubwa si gesi. Ni propani na butani zilizobanwa hadi zikawa majimaji, na juu yake kuna nafasi ndogo ya gesi. Ukifungua, gesi ya juu inatoka, majimaji yanachemka kidogo na kuijaza tena ile nafasi. Maadamu kuna majimaji chini, presha hutegemea joto na mchanganyiko, haitegemei kilichobaki. Ndiyo maana moto ni mzuri Jumatatu, mzuri Jumanne, na Jumatano jioni ugali uko katikati mtungi unakuaga bila onyo. Ndiyo maana pia Julai, baridi ikibana, moto unadhoofika hata kwenye mtungi uliojaa: butani huchemka karibu nyuzi 0, na jikoni asubuhi hizo hakuna joto la kutosha kuihimiza.

Majimaji hayahesabiki kwa lita, kwa hiyo pima uzito. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye mtungi wenyewe, kwa kawaida karibu na shingo.

Hili nililijua nikiwa na digrii, na bado nilinyolewa. Nilinunua mtungi wa kilo 6 mahali ambapo sitapataja, ukaisha upesi mno. Wa pili nilipoununua nikaupeleka kwanza kwa mama muuza viazi mtaani, nikaomba mizani. Mtungi mtupu ulichapwa 7.4. Mizani ikasoma 12.1. Kilo 4.7 badala ya 6. Mama wa viazi alicheka hadi akaketi, akaniambia, "Mwalimu, mimi hata kiazi nakupimia."

Kilo 1.3 zilizokosekana ni ngapi kwa ujazo? Tukichukua wastani wa gramu 50 kwa moli (propani ni 44, butani 58, na mchanganyiko hubadilika), ni moli 26. Mara 29.7, ni lita 770 hivi za gesi ambazo sikuzichoma. Mtungi kamili wa kilo 6 una kama lita 11 za majimaji, na ukiyaacha yote yawe gesi hapa Nairobi unapata lita 3,500 na zaidi.

Kwa nini gesi ya kupikia ikivuja hutambaa chini?

Kwa sababu lita huhesabu vichwa. Lita ya butani na lita ya hewa zina vichwa sawa, lakini kichwa cha butani kina uzito wa 58, cha hewa wastani wa 29. Lita ya butani ni nzito mara mbili. Propani ni mara moja na nusu. Zote hushuka.

Kwa hiyo dirisha dogo la juu halitoshi. Fungua mlango, gesi itoke ikitambaa sakafuni. Usiwashe wala kuzima taa, usiguse soketi, funga mtungi kama unafikika, toka nje. Na usidharau uvujaji mdogo. Mchanganyiko huu hushika moto ukifika kiasi cha asilimia 2 tu ya hewa. Jiko la bedsita lenye mita 2 kwa 1.5 na dari ya mita 2.4 lina lita 7,200. Asilimia 2 yake ni lita 144, ambazo ni chini ya moli 5, ambazo ni karibu robo kilo ya gesi. Na kwa kuwa inakaa chini badala ya kusambaa, huko miguuni inafika asilimia 2 mapema zaidi.

Gesi yenye sumu ya jiko la makaa, kaboni monoksaidi, ni habari nyingine. Uzito wake ni 28, karibu sawa na hewa, kwa hiyo haishuki wala haipandi, inachanganyika chumba kizima. Haina harufu. Makaa hayalazwi ndani, kwisha.

Hewa ina oksijeni asilimia 21. Ni asilimia ya ujazo au ya molekuli?

Ni zote mbili, asante kwa Avogadro. Ukipima kwa uzito inakuwa 23, kwa sababu oksijeni ni nzito kidogo kuliko nitrojeni. Na wanaosema hewa ya Nairobi ina "oksijeni asilimia ndogo" hawajasema sawa: asilimia ni 21 Mombasa, 21 Nairobi, 21 Iten. Kilichopungua ni jumla ya vichwa.

Lazima nitumie kelvini?

Lazima. Nyuzi za Selsiasi jumlisha 273. Hewa ya nyuzi 40 haina joto maradufu ya hewa ya nyuzi 20, na ujazo wake haujawa maradufu. Umeongezeka kwa asilimia 7 hivi.

Ni kweli hewa yenye unyevu ni nyepesi kuliko hewa kavu? Mbona siku za mvua kubwa hewa huhisi nzito?

Ni kweli, na hata walimu wenzangu hubishana nami juu ya hili. Molekuli ya maji ina uzito wa 18, chini ya 29 ya hewa. Mvuke ukiingia katika hewa, kwa presha ile ile na joto lile lile, lita haiongezi vichwa. Kila molekuli ya maji inachukua kiti cha molekuli nyingine nzito zaidi. Ni kama matatu ya abiria 14: mzee mnene akishuka Donholm na mtoto wa shule akapanda, abiria bado ni 14, gari limepungua uzito. Kile unachokiita uzito ni jasho lako lisilokauka.

Maji kidogo yanawezaje kuivimbisha chapati?

Gramu moja ya maji, matone kama 20, ikigeuka mvuke hapa Nairobi inakuwa lita mbili hivi. Chapati huhitaji sehemu ndogo tu ya hiyo.

Kuna jaribio la kufanya nyumbani bila maabara?

Lipo, na ninalipenda kwa sababu linakupa lita unayoweza kuitabiri kabla. Unahitaji chupa ya soda ya nusu lita, baluni, siki, na bikabonati ya soda ya madukani. Usitumie magadi ya githeri. Ni kemikali tofauti na hesabu haitakubali.

Weka siki mililita 100 ndani ya chupa. Tia kijiko kimoja cha chai cha bikabonati, kama gramu 5, ndani ya baluni. Vika baluni kwenye mdomo wa chupa bila kumwaga, kisha uinue unga uanguke. Bikabonati ina gramu 84 kwa moli, kwa hiyo gramu 5 ni moli 0.06, na kila moli yake hutoa moli moja ya kabonidayoksaidi. Zidisha kwa 29.7: lita 1.8 kasoro kidogo. Binamu yako akifanya hivyo hivyo Kisauni, Mombasa, atapata lita moja na nusu hivi. Unga ule ule, siki ile ile, molekuli zile zile.

Utapata pungufu kidogo ya hesabu, kwa kuwa sehemu ya gesi hubaki imeyeyuka ndani ya siki, na mpira wa baluni nao unaibana. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba ujazo uliopungua "umepotea hewani". Nilimpa alama nusu kwa ujasiri.

Sheria hushindwa lini?

Molekuli zikikaribiana, yaani presha kubwa au baridi kali, zinaanza kuvutana na ukubwa wao unaanza kuhesabika. Moli ya kabonidayoksaidi kwa nyuzi 0 kando ya bahari hupimwa lita 22.26, si 22.4. Kasoro hiyo haifiki asilimia moja. Kwa mahitaji ya shule, ipuuze.

Tairi ilikuwa na paundi 15, fundi akaijaza hadi 30. Ameongeza hewa maradufu?

Hajaongeza maradufu, na hapa geji ndiyo inayopotosha. Geji ya fundi husoma ziada ya presha juu ya hewa ya nje. Hewa ya nje Nairobi ni paundi 12. Kwa hiyo ndani kulikuwa na 27, sasa kuna 42. Tairi haijabadilisha ukubwa wake sana, basi molekuli sasa ni mara moja na nusu na zaidi kidogo ya zile za mwanzo.

Shuka Mombasa na tairi hiyo. Hewa ya nje kule ni paundi 14.7. Hata kama hakuna pancha, geji itasoma 27 na kitu, au 28 ukihesabu joto la huko. Kuna dereva aliyegombana na fundi Mtito Andei kwa jambo hili. Alikuwa baba wa mwanafunzi wangu, na nasikia fundi alishinda kwa sauti.

Na wanaotoza pesa kujaza nitrojeni?

Hewa ya bure tayari ni nitrojeni asilimia 78. Tairi la ujazo ule ule kwa presha ile ile litabeba idadi ile ile ya molekuli. Amua mwenyewe.

Baluni ya heliamu ya birthday ilikuwa ikigusa dari Jumamosi. Jumapili ilikuwa sakafuni. Nimeuziwa gesi mbaya?

Gesi ilikuwa nzuri, imetoroka. Heliamu hutembea atomu moja moja, si jozi, nazo ni ndogo kiasi cha kupenya kwenye mpira. Kadiri vichwa vinavyopungua ndivyo baluni inavyosinyaa.

Nairobi tena tuna hasara ya ziada. Baluni huelea kwa sababu heliamu ya uzito wa 4 imekalia viti vya hewa ya uzito wa 29. Baluni ya lita 10 hapa ina thuluthi moja ya moli, kwa hiyo inainua gramu 8.4 tu, heliamu yenyewe ikiwa imeshatolewa. Mombasa ingeinua gramu 10. Toa gramu 3 hivi za mpira na uzi wake, utaona kwa nini yetu huchoka mapema. Zile za kung'aa kama karatasi ya fedha hushikilia gesi siku nyingi zaidi. Za mpira, zijaze asubuhi ya sherehe yenyewe.